Tulivyompeleka Marashi Sur kwa Miguu Yake

Nimechoka kusimulia kipande kipande. Nikienda sokoni Nizwa naulizwa habari za farasi, nikienda msibani naulizwa, na juzi daktari wa meno alinifumbua kinywa, akaniweka vyuma vyake ndani, kisha ndiyo akaniuliza. Kila mmoja amesikia lake. Wako wanaosema tulikamatwa na polisi, na wako wanaosema farasi aliingia msikitini. Basi nakuandikieni yote tangu mwanzo, mpitishiane wenyewe kwa wenyewe, na atakayeniuliza tena baada ya hapa ajue anakuja na kashata.

Kilichotutoa nyumbani

Mwanangu Talib anafanya kazi kwenye kiwanda cha gesi karibu na Sur. Huko akampenda Rahma, muuguzi wa hospitali, msichana wa Kisuri, mpole wa sauti lakini macho makavu. Rahma naye akampenda. Wazazi wa Rahma hawakuwa na neno. Mwenye neno alikuwa babu yake, Mzee Mubarak, na katika nyumba ile hata chumvi haiongezwi mpaka yeye aseme. Mzee Mubarak alikwisha sema kwamba Wazinjibari ni watu wema, lakini ile lugha yao hataki kuisikia ndani ya kuta zake.

Sisi ni Waomani kama yeye. Baba yangu kazikwa Manah, na babu wa babu yangu alitoka Manah. Ila tulizaliwa Unguja, na tukikaa watu watatu tunasema Kiswahili na kucheka kwa sauti kubwa, hilo sikatai. Pembeni alikuwepo binamu yake Rahma, kijana asiye na kosa, anasubiri tu. Kama Talib asingepewa jibu kabla ya Ramadhani, Rahma angeozwa binamu yake. Mwanangu alikuwa amekonda hata kanzu inamcheza mwilini, na mimi mama yake nilikuwa silali.

Baba yake Talib amefariki, kwa hiyo aliyesimama kwenda kuposa ni mjomba wake, ndugu yangu Nassor. Hapa nikujulisheni Nassor kwa wasiomjua. Alikuwa mtu wa mabomba ya maji mpaka alipostaafu, na tangu kustaafu anasoma vitabu vya Kiarabu vya historia, tena si historia yote, ni farasi tu. Farasi wa karne za kati. Atakwambia walikula nini, walilala wapi, nani aliwasugua mgongo. Ana farasi mmoja, jike, anaitwa Marashi, aliyemlea tangu mtoto katika shamba lake la mitende huko Manah. Na kwa kuwa Nassor hana mke wala mtoto, Marashi ndiye anayezungumza naye asubuhi na jioni.

Siku ya posa mimi nilikaa ndani na wanawake, Nassor akakaa barazani na wanaume. Badala ya kuposa, akaanza hadithi yake: kwamba zamani zile farasi walitembezwa kutoka bara, kutoka upande wetu wa Nizwa, mpaka bandari ya Qalhat hapo jirani na Sur, wakapakiwa majahazini kupelekwa kwa wafalme wa Bara Hindi. Alisema mpaka kahawa ikapoa. Mzee Mubarak akamsikiliza kwa adabu, kisha akasema kwa Kiarabu chake kizuri: "Vyema. Niletee farasi kutoka Nizwa, kwa miguu yake, asipande gari hata hatua moja, kama wazee walivyowaleta Qalhat. Akifika mlangoni pangu, tutazungumza."

Nassor akatoka uso unamng'ara. "Amekubali, Dada!" akaniambia. "Amekubali!"

Nikapiga kigelegele palepale njiani. Jirani mmoja alifungua dirisha, akatutazama, akalifunga taratibu.

Manah mpaka Nizwa, ambako ni kinyumenyume

Ukitoka Nizwa kwenda Sur, Manah iko njiani. Mtu mwenye akili angeanzia Manah, kwa sababu farasi yuko Manah. Lakini Mzee alisema kutoka Nizwa, na Nassor alishika neno hilo kama aya. Kwa hiyo siku ya kwanza ya safari yetu ya kwenda Sur tuliipa Sur mgongo, tukamtembeza Marashi mpaka Nizwa, tukamsimamisha chini ya ngome, Nassor akasoma dua, watalii wakampiga picha, halafu tukageuka.

Mpango ulikuwa hivi: Nassor ampande Marashi, mimi nifuate nyuma na pikapu yangu, indiketa zote mbili zikiwaka. Nassor alimpanda mpaka mzunguko wa kwanza wa barabara. Hapo akateremka, akasema mgongo wake hauko sawa, na kwamba hata zamani mtu hakumchosha farasi wa kuuzwa. Tandiko likaingia kwenye pikapu na halikutoka tena mpaka tulipofika. Kuanzia hapo Nassor alikwenda kwa miguu, ameshika kamba, kilemba kimemwendea upande.

Siku ya pili tukapita Manah. Marashi alipoona lango la shamba lake akaingia. Sikumlaumu, maana hata mimi ningeingia. Akaenda mpaka kivulini pake, akasimama, akatutazama kama mtu aliyerudi kutoka matembezini. Nassor akambembeleza: "Haya mama, twende. Twende, mwanangu. Hatujafika bado." Marashi akala majani. Nassor akamwahidi, akamwapia, akamwimbia. Mwishowe nikafungua chombo changu cha visheti nilivyopika kwa ajili ya safari, nikamwonyesha kimoja, nikarudi nyuma mpaka barabarani. Alinifuata. Visheti vyote vilikwisha kabla hatujaiacha Manah, na mimi sikuonja hata kimoja.

Nilimuuliza Nassor, kwani zamani farasi walikuwa na kazi gani hasa?

"Kazi?" akashangaa. "Farasi hakuwa na kazi, Dada. Punda ndiye aliyebeba tende na samadi. Ng'ombe ndiye aliyevuta maji kisimani. Ngamia ndiye aliyesafiri. Farasi alisimama."

"Akasimama tu?"

"Mmoja alimtafutia majani, mmoja alimletea maji, mmoja alilala naye asiibiwe. Watu wazima watatu, kila siku ya Mungu."

Nikatazama nyuma kwenye pikapu: mapipa ya maji, marobota ya majani, blanketi lake, brashi zake mbili. Kibegi changu cha nguo kilikuwa chini kabisa, kimelowa. Nikaelewa karne za kati vizuri kuliko kitabu chochote.

Mpaka Ibra, na adabu za njiani

Kabla hatujafika Sinaw, polisi alitusimamisha. Kijana, amenyoa vizuri, salamu ndefu. Akatuuliza habari, nasi tukamjibu kama inavyojibiwa huku, kwamba hatuna habari ila za kheri. Mnajua desturi hii. Nyumba yako iungue, mtu akikuuliza habari unamwambia kwanza hakuna habari, ndipo baadaye mnakuja kwenye moto. Kwa hiyo tukasimama pale barabarani, farasi kati yetu, malori yanapita yanapiga honi, na sote watatu tukahakikishiana kwamba hakuna habari yoyote.

Zilipokwisha salamu, Nassor akamweleza. Mposo, Mzee wa Sur, farasi kwa miguu. Yule polisi akamtazama Nassor, akamtazama Marashi, akanitazama mimi.

"Allah kariim," akasema.

Kisha akawasha taa yake ya buluu, akatutangulia polepole mpaka njia panda. Nikamwambia Nassor, tazama watu wa nchi hii walivyo na moyo.

Ikawa hivyo kila tulipofika. Watu wanatoka, wanauliza habari, tunasema hakuna, tunakalishwa, tunaletewa tende na kahawa, Marashi anapewa kivuli kizuri kuliko chetu. Tukisha kunywa tunasimulia. Wakisha kusikia wanatazamana. Mmoja anasema "Allah kariim", na hapo wanaongeza chakula. Sijapata kula kama nilivyokula katika safari ile. Kadiri tulivyosimulia kwa furaha ndivyo sinia lilivyorudi limejaa.

Ibra tulifikia kwa mtu anayeitwa Sheikh Humaid, mwenye farasi wake sita, anayependa farasi kwa haki. Huyu alifanya mambo mawili ambayo nataka myakumbuke.

La kwanza, alitaka kumjaribu Marashi. Akamshika kamba, akamwambia kwa Kiarabu cha watu wa farasi aende. Marashi akamtazama. Akamwambia asimame, naye alikuwa kasimama tayari. Akampigia ulimi, akampapasa shingo, akamwita majina ya sifa. Marashi akapiga chafya. Ndipo Nassor, huku haya zinamshika, akasogea akamnong'oneza: "Haya mama, twende." Marashi akaondoka kama bibi harusi. "Taratibu," akapunguza. "Simama," akasimama tisti. "Rudi kwa baba," akarudi.

Sheikh Humaid akauliza hiyo ni lugha gani. Nassor akasema Kiswahili, yeye hajapata kumsemesha kwa lugha nyingine. Baraza zima likaangua kicheko. "Hata farasi wenu, yakhe!" Sheikh Humaid akasema, anajifuta machozi. "Hata farasi!"

La pili lilikuwa chakula. Sheikh Humaid akasema wazee wao walipokosa majani waliwapa farasi tende pamoja na dagaa wakavu. Nassor aliruka kitini. Hilo ndilo alilokuwa akilisoma miaka yote, kwamba farasi wa Qalhat walilishwa tende na samaki, na kwamba walikopelekwa huko Bara Hindi watu hawakujua kuwatunza, wakawapa wali na nyama, wakafa, wakaagizwa wengine. Alikuwa hajathubutu kujaribu. Ikaletwa gunia la dagaa, akachanganyiwa na tende kwenye beseni. Marashi alinusa, akafikiri, akatia mdomo.

Tangu siku ile hakutaka tena majani. Alitaka dagaa. Pumzi yake ilinuka dagaa, pikapu yangu ikanuka dagaa, baibui langu likanuka dagaa, na Nassor alikuwa anatembea amefura furaha kwa sababu kitabu kimesema kweli.

Ndani kwa wanawake, mke wa Sheikh Humaid alinishika mkono. Nilikuwa nimemaliza kumsimulia jinsi Mzee Mubarak alivyokubali na nilivyopiga kigelegele. Alikuwa ameinamisha macho. Akanitilia halwa kiganjani, kipande kikubwa, akanikunjia vidole vyangu juu yake. "Allah kariim, mama Talib," akasema. Nikambusu kichwani kwa wema wake.

Jaalan Bani Bu Ali, kwa sababu ya kiatu

Hatukuwa na safari ya Jaalan. Lakini tulipoipita Bidiyah Marashi alidondosha kiatu cha chuma cha mguu wa mbele, akaanza kuchechemea, na kila tuliyemuuliza alisema fundi wa viatu vya farasi anayeaminika yuko Jaalan Bani Bu Ali, ambako kwa kwenda Sur ni kupinda njia. Tukapinda, pole pole, Nassor amemfunga Marashi shuka lake mguuni.

Fundi alikuwa mtu mkimya anaitwa Salim. Mkewe hakuwa mkimya hata kidogo. Alitoka mlangoni mikono ina unga, akatusikia tunavyomsemesha farasi, akapiga kelele: "Jamani! Shikamoo mama! Mmetoka wapi nyinyi?" Alikuwa Bi Zuwena, Mwomani wa Tabora. Kwa mara ya kwanza tangu Manah nikaketi chini nikanyosha miguu. Alinipa ugali wa moto na mchicha wa nazi, na chai ya maziwa kwenye kikombe kikubwa, si vile vifinjani vya kahawa ambavyo unakunywa kumi na bado una kiu. Nilikula kama niliyetoka jela.

Nikamsimulia. Alikuwa anacheka mpaka nilipofika kwenye maneno ya Mzee Mubarak. Hapo akaacha kucheka.

"Mama, samahani, naomba urudie. Alisema farasi kutoka Nizwa, kwa miguu yake, asipande gari?"

"Hivyo hivyo."

"Ndipo mtazungumza?"

"Ndipo tutazungumza."

Akaweka mwiko chini. "Sasa mama, hapo si kawakatalia?"

Nikamwambia hapana, amekubali, ametupa sharti.

"Mama yangu, hao wazee wa huku mimi nimeishi nao. Mtu mzima hakwambii hapana usoni, ni aibu kwake na kwako. Anakwambia umletee kitu ambacho hakiletiki. Wewe unasema in shaa Allah, unamaliza kahawa yako, unarudi kwenu, hakuna aliyevunjiwa heshima. Baba mkwe wangu mimi alimwambia mtu mmoja amletee maji ya Zamzam kwenye tenga. Yule mtu alielewa. Hakwenda kutafuta tenga." Akanitazama kwa huruma. "Huyo mzee kawapiga chenga, mama. Na nyie mkaufuata mpira."

Nikalikumbuka dirisha lililofungwa taratibu. Nikamkumbuka yule polisi, na wale wote wa Sinaw, na halwa ya mke wa Sheikh Humaid, na vidole vyangu alivyovikunja. Wote walijua. Kutoka Manah mpaka Jaalan nchi nzima ilijua kwamba mwanangu amekataliwa, isipokuwa mimi na Nassor na Marashi. Nikaanza kucheka, nikacheka hata mtandio ukaanguka, na katikati ya kucheka nikajikuta nalia, kwa sababu nilimwona Talib na ile kanzu yake inayomcheza. Bi Zuwena alinikumbatia na unga wake.

Nikatoka nje kumwambia Nassor. Alikuwa ameshika mguu wa Marashi magotini, Salim anapiga misumari. Nilimweleza yote. Hakuinua kichwa mpaka msumari wa mwisho.

"Hata yule polisi?" akauliza.

"Hata yule polisi."

"Na taa ile ya buluu?"

"Alituonea huruma, Nassor."

Akaiteremsha ile kwato, akaifuta vumbi kwa kiganja. "Basi turudi, Dada."

Nimesomesha hesabu skuli ya wasichana Nizwa mpaka nywele zikawa nyeupe, na kitu kimoja nilichowafundisha wasichana wangu ni kusoma swali lilivyoandikwa. Nikamwambia: "Alisema farasi akifika mlangoni, tutazungumza. Hakusema kingine. Sisi tumeambiwa hivyo, tumesikia hivyo, na farasi ana kiatu kipya. Tunakwenda kuwa wajinga mpaka mwisho."

"Wajinga tumekwisha zoea," akasema Nassor.

Bi Zuwena akatujazia chupa ya chai.

Sur

Habari zilitutangulia. Tulipoingia mtaa wa Mzee Mubarak watu walikuwa wamejipanga kutani. Talib alikuwepo, amesimama peke yake, mikono imemlegea. Juu dirishani niliona ukaya na macho, nikajua ni Rahma. Mtaa ulikuwa mnyofu, mlango wa Mzee ukiwa katikati, na mwisho wake kulikuwa na mikeka mikubwa imetandazwa dagaa wanaokaushwa. Katikati ya mikeka ameketi bibi mmoja mzee, anawageuza kwa mkono. Alikuwa Bi Shamsa, mkewe Mzee Mubarak.

Mzee alikuwa mlangoni, kasimamia bakora yake. Sijapata kumwona mtu mwenye heshima amebanwa vile. Aliomba farasi asiyeletika, na farasi yuko mbele yake anapiga mkia.

"Mmefika," akasema kwa Kiarabu.

"Tumefika," akasema Nassor.

"Kwa miguu?"

Nassor akainua mguu wa nyuma wa Marashi, kile kiatu cha zamani, chuma kimeliwa kimebaki karatasi. Watu wakanung'unika. Mzee akakitazama muda mrefu. Nikaona anavyotafuta mlango wa kutokea, na nikaona alivyoupata.

"Nimeambiwa farasi huyu hasikii Kiarabu," akasema. "Farasi wa wazee wetu walisikia lugha ya watu. Farasi niliyemtaka mimi si huyu. Mnisamehe."

Nilimtazama Talib. Alikubali kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa saa. Niliona moyo wangu unakatika.

Hapo upepo ukageuka. Ulitoka upande wa mikeka, ukaja mpaka puani mwa Marashi. Akainua kichwa. Nassor akasema "Taratibu, mama", lakini Marashi alikuwa hajaonja dagaa tangu jana yake. Kamba ikamtoka Nassor mkononi, naye akakaa kitako mchangani. Marashi akaondoka mbio, kiatu kipya kinalia, moja kwa moja kwa Bi Shamsa, ambaye magoti yake hayamruhusu kuinuka upesi.

Watu wakapiga kelele. Mzee Mubarak akapiga kelele kuliko wote, kwa Kiarabu, simama, simama. Marashi hakumwelewa. Mzee akatupa bakora, akafungua kinywa, na sauti iliyomtoka sikupata kuitegemea:

"Simama! Simama wewe! Taratibu, mama, taratibu! Hebu tulia, bibi we!"

Kiswahili. Tena si cha kuokoteza, cha Mjini Unguja hasa, kama cha marehemu shangazi yangu wa mtaa wa Malindi. Marashi akafunga breki, mchanga ukaruka, akasimama tisti, pua yake juu ya kichwa cha Bi Shamsa. Bi Shamsa hakumtazama farasi. Alikuwa anamtazama mumewe.

Marashi akachukua dagaa mmoja.

Sijui nini kilinituma, nadhani malezi tu. Nikamgeukia Mzee, nikainama kidogo, nikasema: "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Kisha akajishika mdomo. Lakini lilikwisha toka, na mtaa mzima umelisikia. Mtu aliyelelewa na neno lile hawezi kulizuia. Bi Shamsa akaanza kucheka pale pale mkekani, polepole, mabega yanamtikisika.

Tulikaribishwa ndani. Baada ya kula, Mzee Mubarak akatuambia mwenyewe, kwa Kiswahili, macho yake chini. Ujanani alikuwa na nyumba Malindi na mke huko, Mswahili, jina lake hakulitaja. Mke yule alikuwa na punda wa maji, na akimsemesha punda wake maneno yale yale. Mzee alikuja Sur mara moja kuwaona wazee wake, mambo ya mwaka wa sitini na nne yakatokea, njia ikafungwa, na ilipokuja habari ilikuwa ya kwamba mke yule amekufa.

"Si dharau, mwanangu," akaniambia. "Nimeogopa lugha ile itaingia mlangoni, halafu nitazame, na yeye hayumo."

Nilimkasirikia kutoka Jaalan mpaka pale, na hasira yote ikanitoka nikabaki nimeshika sahani. Bi Shamsa akamsogezea mumewe kahawa. Habari za mke yule alizijua tangu siku ya ndoa yake, alisema. Asichokuwa akijua ni kwamba mumewe alibaki na maneno ya mke yule yote.

Mzee akanywa, akakitikisa kifinjani kwamba ametosheka, akamgeukia Nassor.

"Nilisema akifika tutazungumza," akasema. "Tumezungumza."

Safari hii vigelegele vilianza dirishani kwa Rahma, na sikuwa wa kwanza.

Kurudi

Tulikaa siku chache, na Talib akaleta lori la kumrudisha Marashi Manah. Safari ya kurudi Mzee hakuiwekea sharti lolote.

Kila asubuhi Mzee Mubarak alikuwa anatoka na kigoda, anaketi karibu na Marashi, na beseni la dagaa. Nilimsikia akimsemesha. Mwanzo maneno mawili matatu, baadaye marefu, habari za mitaa, bei ya muhogo, nani alikaa nyumba gani. Marashi alimsikiliza, masikio mbele. Sijui kama alielewa bei ya muhogo, lakini hakuwahi kumwonyesha mtu uso ule isipokuwa Nassor.

Asubuhi ya kuondoka tuliteremsha ubao wa lori. Mzee aliinuka kwenye kigoda, akaangalia upande wa ukuta. Hakuomba. Nassor alimpeleka Marashi mpaka kwenye ubao, akasimama naye hapo. Akamshika masikio kama anavyofanya, akamwambia kitu ambacho sikukisikia. Kisha akamvua kamba, akamsukuma shingo kidogo kumgeuza. "Nenda kwa babu," akasema. Marashi akaenda, kwa sababu anasikia.

Lori likarudi tupu. Nassor akapanda pikapu yangu, ile kamba kaizungusha mapajani.

Ibra, Sheikh Humaid alitoka kutupokea. Akatuuliza habari, tukamwambia hakuna habari ila za kheri. Akaiona kamba. Hakuuliza. "Allah kariim," akasema, na safari hii tulimwelewa vizuri, akaagiza chakula.

Tulipoipita Sinaw, Nassor akafungua mdomo.

"Vitabu vyote vile, Dada," akasema. "Vinasimulia farasi walivyolishwa, walivyotembezwa, walivyopakiwa. Hakuna hata kimoja kinachosema yule aliyemshika kamba alirudi nyumbani vipi."

Nikamwambia alirudi na dada yake, katika gari inayonuka dagaa.